Wino Usioogopa Marashi

Printa yangu haitupwi. Nasema mapema, kwa sababu kila mtu anayepanda ngazi zangu hapa Mji wa Kale akaiona pale juu ya kasha huniuliza nitaitupa lini. Niitupe kwa lipi? Inavuta karatasi, inatoa nakala, inanguruma kama kinu cha kahawa, lakini kazi inafanya. Niliipata siku ofisi yetu ya kutoa mizigo kule Mbaraki ilipofunga milango. Wenzangu waligombania viti na feni. Mimi nilichukua printa, nikaingia nayo kwenye tuktuk, nikaipakata mpaka nyumbani. Viti vyao vimekwisha kuvunjika zamani.

Shida haikuwa printa. Shida ilikuwa wino, na kwa ajili ya wino huo nilikaribia kumvunja mamangu moyo mbele ya watu. Kwa hivyo nitaeleza yote, na kosa langu sitalificha.

Babu yake mama alikuwa mtu wa kasida. Alitunga na kuandika kitabu kizima kwa mkono wake, maneno ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na wanawake wa nyumba yetu wamekuwa wakikisoma tangu hapo. Kila Alhamisi baada ya alasiri tunatandika mikeka ukumbini, majirani wanapanda na leso zao, chetezo kinatiwa udi, na msomaji anafungua kitabu juu ya marfaa, kile kibao cha kuwekea kitabu. Yeye anasoma, sisi tunaitikia. Mwezi wa Mfungo Sita, tunaposoma maulidi, watu hujaa mpaka ngazini, na wale wa ngazini huitikia bila kuona kitu.

Msomaji ni mamangu. Ameshika nafasi hiyo tangu bibi alipofariki, wala hakuna aliyemteua. Alhamisi ya kwanza baada ya matanga alikuja, akaketi mbele ya marfaa, akaanza. Amezaa, amezika mume, amelazwa hospitali na kutoka, na katika yote hayo nafasi yake haikukaliwa na mtu. Akina mama wa mtaa wakikutana naye ndiani humuuliza, "Alhamisi tupo?" Naye huwajibu, "Kwani nani kafa?" Wote hucheka, wakaenda zao.

Basi macho yakaanza kumpungua. La kulia lilipasuliwa mtoto wa jicho, likakaa sawa muda, kisha daktari akasema kuna presha ndani ya macho yote mawili, na kilichopotea hakirudi. Sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kufuli. Kitabu cha babu yake, chenye herufi ndogo nzuri zilizobanana, kikawa ukungu mtupu kwake. Na msije mkasema kwa nini asisome kwa moyo. Mama hakukihifadhi chote. Anajua mianzo, anajua vipande vingi, lakini kasida zile ni ndefu na zinafanana, na msomaji akiteleza mstari mmoja huingia kasida nyingine bila kujua, na wale wanaojua wakaanza kutazamana. Mama yuko radhi kufa kabla ya watu kutazamana hivyo kwa ajili yake.

Hapo ndipo printa ilipopata cheo. Nilikilaza kitabu juu ya kioo chake, ukurasa kwa ukurasa, nikazikuza herufi mpaka ukurasa mmoja ukazaa karatasi tano. Herufi nene, nyeusi, kubwa kama vidole vya mtoto. Nikazitoboa, nikazifunga kwa uzi. Mama akaweka kidole juu ya mstari wa kwanza, maana yeye husoma kwa kidole, kidole kinatangulia na sauti inafuata. Akasoma kasida nzima bila kusita. Alipomaliza akasema, "Kumbe sijafa bado." Nikaingia jikoni kujifanya natazama maziwa.

Lakini herufi kama zile hunywa wino kama mchanga unavyokunywa maji. Sijafika hata nusu ya kitabu, katriji ikakauka. Karatasi zikaanza kutoka na mistari myeupe katikati, kisha kijivu, kisha hazikutoa kitu.

Ushauri ukamiminika. Dukani wakaniambia ninunue katriji orijino, lakini printa yangu ni ya zamani, itabidi iagizwe Nairobi, na bei niliyotajiwa nilimwomba muuzaji airudie, wala si kwamba sikusikia. Tena moja isingemaliza kitabu. Ndugu yangu, mdogo wangu anayekaa Tudor, akasema printa ni kopo tu, niitupe, yeye atamnunulia mama tableti. Njia ya tatu ilikuwa kununua wino wa chupa na bomba la sindano, nijaze katriji ileile kwa mkono wangu.

Mimi niliichagua hiyo ya tatu kwa ukaidi, na sioni haya kusema. Mama amenisimulia tangu mdogo kwamba babu yake alijipikia wino jikoni, masizi ya taa na gundi ya mti, na kitu cha tatu ambacho hakumwambia mtu mpaka akaingia nacho kaburini. Nyumba ya namna hiyo, leo ikapige magoti mbele ya kipande cha plastiki kilichofungwa kama peremende? Nikasema ng'o. Nikashuka, nikapata chupa kwenye kibanda kimoja cha vifaa vya simu. Juu imeandikwa nyeusi. Sikuuliza swali hata moja. Mimi, niliyekula mkate wangu kwa karatasi na wino umri wangu mzima, nilitazama rangi na bei, nikalipa.

Wazee walisema rahisi huvunja upishi. Nilikuwa naijua methali hiyo na siku ile sikuikumbuka.

Maana wino ulitoka mzuri kupita ule wa kwanza. Mweusi wa kung'aa. Nikachapa kasida ya Alhamisi ile, nikamwekea mama kwenye marfaa, nikaketi nyuma yake nimevimba kichwa.

Sasa nieleze habari ya marashi. Katikati ya kasida kuna beti za kumkaribisha Mtume, na zikifika beti hizo mtu mmoja huinuka na mrashi, chupa ya fedha yenye shingo ndefu, akawarashia watu marashi ya mawaridi mmoja mmoja. Yanaanguka kichwani, mabegani, viganjani, watu wanajipaka usoni. Msomaji naye anarashiwa huku anasoma, na kitabu chake kinapata fungu lake. Hakuna anayefunika kitabu. Kufunika kitabu wakati ule ni kama kumfungia mgeni mlango. Kile kitabu cha babu yake mama kimejaa madoa ya hudhurungi kutoka jalada mpaka jalada, marashi ya wanawake waliokwisha kufa wote, na hakuna herufi iliyosogea.

Aliyeshika mrashi Alhamisi ile alikuwa wifi yangu, mke wa huyo ndugu yangu wa Tudor. Akafika kwa mama, akamrashia kichwani, akarashia kitabu kama desturi. Mimi nilikuwa nimefumba macho naitikia. Nikasikia sauti ya mama imekatika.

Nilifumbua macho nikaona kidole chake kiko palepale juu ya mstari, na mstari haupo. Herufi zimeyeyuka, zimeshikana, zinashuka chini ya karatasi zikidondokea leso yake nyeupe ya mapaja. Mama alikuwa ameinama, uso umekaribia kugusa karatasi, anageuza kichwa huku na huku akilitafuta neno. Akanyoosha mkono nyuma, akanishika goti.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mato yangu yameondoka."

Alidhani amepofuka. Pale pale, mbele ya watu wake, katikati ya ubeti. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mimi na chupa yangu rahisi. Wifi akaidaka kasida akaiendeleza, na ana sauti nzuri, sitamnyima haki yake, lakini mimi nilimsikia kama mtu anayeimba juu ya kifua changu. Nikamwinua mama, nikampeleka chumbani.

Nilimweleza. Nikamwonyesha vidole vyangu vyeusi, nikamwambia ni wino, mama, wino umeyeyuka, macho yako ni yaleyale ya asubuhi. Alinisikiza mpaka mwisho. Kisha akanipigapiga mkono kama anayembembeleza mtoto.

"Mwana mwema hamwambii mamake kuwa amekuwa kipofu," akasema. "Nishafahamu. Ahsante."

Nikaapa. Hakuamini. Alhamisi iliyofuata alisema anaumwa na kitwa, akabaki kitandani mlango umefungwa, na ukumbini akasoma wifi. Mamangu, aliyesoma juma alilofiwa na mumewe, amefunga mlango kwa sababu ya kuumwa kichwa.

Ndugu yangu alikuja Ijumaa baada ya sala na tableti ndani ya boksi lake. Namkubali, si mtu mbaya, anampenda mamake kwa namna yake ya kununua vitu. Akakipiga kitabu picha, akakiweka ndani, akakuza herufi, zikawa kubwa na zinawaka. Mama akaweka kidole kusoma. Herufi zikaruka zikaenda juu. Akaweka tena, zikarudi chini na kuwa ndogo. Kioo kile kinatii kidole, na mama anasoma kwa kidole, sasa watapatana wapi? Baada ya mara ya nne akairudisha mikononi mwa mwanawe.

"Hii inanikimbia," akasema.

Ndugu yangu akanivuta ukumbini. "Dada, mwachie mama apumzike. Maulidi yaja, watu watakuwa wengi. Mke wangu atasoma. Mama ataketi mbele, aheshimiwe."

"Aheshimiwe kama nani? Picha ya ukutani?"

"Usinigeuzie maneno. Unataka aaibike tena?"

"Hakuaibika yeye. Nimemwaibisha mimi, na mimi ndiye nitakayelitengeneza."

"Kwa kopo lile?"

"Kwa kopo lilelile."

Akatikisa kichwa, akashuka ngazi. Na mama, ambaye macho yamepungua lakini masikio ni mazima, akasema kutoka chumbani bila kuinua sauti, "Heri kufa mato kuliko kufa moyo. Lakini nyinyi mwataka nife vyote." Sikujua anamwambia nani kati yetu. Nadhani wote wawili.

Kesho yake niliifunga katriji kwenye mfuko wa nailoni pamoja na karatasi iliyoharibika, nikaenda Tudor, si kwa ndugu yangu, bali kwa mtu niliyefanya naye kazi Mbaraki miaka mingi. Ni mtu wa bara, Mkristo, alishuka pwani kijana kutafuta kazi ya bandari, akaoa, akazeekea hapa, na Kiswahili chake bado kina lafudhi ya kwao wala hajali. Ofisi ilipofunga alifungua kijiduka cha kutengeneza printa chini ya maghorofa.

"Bi Mkubwa," akaniita, jina walilonipa ofisini kwa utani, "shikamoo. Bado unayo ile mashine?"

"Marahaba. Ninayo. Nimekuja kwa habari ya wino, sikuja kuambiwa niitupe."

"Nani amesema uitupe?"

"Ulimwengu mzima."

Akacheka. Nikampa karatasi. Akalamba ncha ya kidole, akasugua juu ya herufi moja iliyosalia, akanionyesha kidole. Cheusi ti.

"Bi Mkubwa, umesahau mvua ya gatini?"

Nikakumbuka, nikatamani ardhi inimeze. Zamani ofisi ilinunua wino wa bei ya chini, tukawachapia madereva karatasi za kutolea mizigo, mvua ikanyesha asubuhi ile gatini, na walipofika langoni nambari zote zilikuwa zimechujuka. Malori yakakaa foleni kutwa nzima. Tangu siku hiyo hakuna wino ulioingia ofisini kabla ya mtu kuuchora kwenye karatasi, kuuacha ukauke na kuusugua kwa kidole chenye mate.

"Na aliyekuwa akiusugua ni nani?" akaniuliza.

"Mimi."

"Basi kazini ulikumbuka mvua, nyumbani ukasahau marashi."

Angekuwa mtu mwingine ningemjibu. Lakini alisema kweli, na tena aliisema huku ananivutia kiti.

Akanieleza kwa maneno mepesi. Wino ni wa namna mbili. Mmoja ni rangi iliyoyeyuka ndani ya maji kama majani ya chai, ukiumwagia maji tena unarudi kuyeyuka. Wa pili ni unga mweusi laini mno unaoelea majini, na maji yakikauka unga unabaki umeshika karatasi, hauyeyuki. Printa yangu tangu ilipotoka kiwandani nyeusi yake ilikuwa ya unga. Ndiyo maana zile kasida za kwanza, za wino wa asili wa mashine, zilirashiwa Alhamisi ngapi na hazikufanya kitu, wala mimi sikujiuliza.

"Unga wa nini?" nikamuuliza.

"Kama masizi tu, Bi Mkubwa."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamfikiria mtu mmoja aliyekuwa akikwangua chimni za taa kabla mamangu hajazaliwa.

Alikuwa na chupa tatu za wino alizodai zote ni za unga. Sikumwamini yeye, sikuiamini chupa. Nilichovya kijiti cha kiberiti katika kila moja, nikachora mistari mitatu, tukanywa chai ikauke, kisha nikatoa kwenye mkoba kichupa cha marashi ya mama nilichokuja nacho makusudi. Nikamwagia. Wa kwanza ukatoka kivuli. Wa pili ukatoka kidogo. Wa tatu nikausugua mpaka karatasi ikaanza kuchanika, na mstari umekaa.

"Huu," nikasema.

Akanionya. Wino wa unga haumwagwi juu ya mabaki ya ule mwingine, utaganda na kuziba vitundu, na katriji ikizibwa imekufa, nami sina nyingine. Lazima ioshwe kwa maji ya betri, yasiyo na chumvi, mpaka itoke safi. "Niachie," akasema. "Nina kazi nyingi, lakini wiki ijayo mwishoni nitakuwa nimemaliza."

Maulidi yetu yalikuwa Alhamisi, kabla wiki hiyo haijaisha.

"Nitaifanya mwenyewe."

"Ukikosea?"

"Nitakuwa nimekosea mwenyewe. Ndivyo nilivyozoea."

Nikapita kituo cha petroli kununua maji ya betri. Kijana wa pampu akaniuliza gari langu aina gani. Nikamwambia ni printa, akanitazama sana.

Asubuhi yake nilitandika gunia sakafuni jikoni, nikabandua kibandiko cha katriji, nikatafuta kile kitundu, nikaingiza sindano. Maji yakatoka meusi. Nikarudia, meusi. Nikarudia, kijivu. Mikono, kanga, sakafu, paka aliyepita, wote wakapata alama. Nilirudia mpaka mgongo ukanikataa, na mpaka yale maji yanayotoka yakawa sawa na yale yanayoingia. Nikaikausha kwa kitambaa kikinyonya polepole, kisha nikajaza wino wa unga kwa mkono mzito wa mtu asiye na haraka, maana ukisukuma kwa nguvu unaingiza hewa. Ulipochungulia kitunduni nikaacha, nikafuta, nikarudisha katriji ndani.

Printa ikanguruma, ikawasha taa ya rangi ya chungwa, ikaniandikia kwamba wino huu si halisi na je, nina hakika nataka kuendelea. Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena. Mimi nimeulizwa hivyo na wengi mwaka ule, na wote walikuwa na ndimi, sembuse wewe. Nikabonyeza ndiyo.

Karatasi ya kwanza ilitoka na nafasi nyeupe. Nikaiamrisha ijisafishe, ya pili ikatoka nusu. Nikaiamrisha tena. Ya tatu ilitoka nzima. Haikuwa na mng'aro wa ule wino wa kibandani, ilikuwa nyeusi ya kufifia kama sufuria iliyokaa juu ya kuni, lakini kila herufi imesimama kwa miguu yake. Nikaiacha ikauke mpaka adhuhuri. Nikaimwagia marashi. Nikaiweka chini ya bomba la maji. Nikaisugua kwa leso. Kisha nikacheka peke yangu jikoni mpaka jirani akagonga ukuta.

Nilichapa siku tatu. Kitabu chote, tangu bismillahi mpaka dua ya mwisho. Nikakifunga kwa uzi mzito, nikampelekea mama kitandani pamoja na mrashi wake.

"Rashia mwenyewe," nikamwambia. "Uone."

Akapapasa karatasi, akazigeuza mbili tatu, akaleta moja karibu na uso. Nikaona midomo inasogea. Alikuwa anasoma. Lakini mrashi hakuugusa.

"Marashi ya chumbani si marashi ya watu," akasema. "Mimi sikupofuka chumbani."

"Kwa hivyo utasoma Alhamisi?"

"Ndoo unisuke nywele," akasema akiniita kwa mkono, na hilo ndilo jibu nililopata.

Alhamisi ya maulidi watu walijaa mpaka ngazini. Wifi alikuja mapema, amevaa vizuri, tableti mkononi, amekwisha kuambiwa na mumewe kwamba atasoma. Marfaa nilikuwa nimeiweka mahali pake pa siku zote, na juu yake kitabu kipya. Akanitazama. Nami nikamtazama, nikampa mrashi ashike. Akaupokea kwa adabu. Mama akatoka chumbani ameshika ukuta, amevaa leso nyeupe ileile, nimeifua mara saba na doa bado linaonekana kwa mbali. Akaketi. Kidole kikashuka juu ya mstari wa kwanza.

Alisoma. Sauti ilianza na kutu, kisha ikafunguka. Ukumbi ukaitikia, ngazi ikaitikia. Nilikuwa nyuma yake nahesabu beti zilizobaki kufika kwenye marashi, maana jikoni nilijaribu mara ngapi, lakini jikoni si pale.

Beti zikafika. Wifi akainuka na mrashi, akazunguka, akawarashia wote wa kulia. Akafika kwa mama. Nikamwona anasita. Akamtazama mama, akaitazama karatasi, akaugeuza mkono, akarashia bega la mtu aliyekaa kando, akapita. Alifanya kwa huruma. Kila mtu aliona, na kila mtu akajifanya hakuona.

Mama akanyamaza katikati ya ubeti.

"Mbona umeniruka?"

"Mama, nachelea karatasi..."

"Rudi."

Wifi akarudi. Mama akagonga karatasi kwa kidole mara mbili, palepale aliposomea. "Nirashie hapa. Tele."

Wifi akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Akauinamisha mrashi. Marashi yakaanguka juu ya mstari, yakatanda, yakafuata kidole cha mama mpaka ukingoni. Mama akashika pembe ya leso yake, akasugua ule mstari kwa nguvu, kama mtu anayesugua meza, akenda akarudi. Kisha akaisogeza leso karibu na jicho, akaigeuza, akaisogeza tena. Hakuweza kuona kama imeshika rangi au haikushika.

Akamnyooshea wifi ile pembe.

"Wewe una mato mazima. Nitazamie. Iko nyeusi?"

Wifi akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama huku na huku, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Haina kitu, mama."

"Sikusikia. Wa ngazini hawakusikia."

"Haina kitu, mama," akasema kwa sauti.

"Basi siku ile si mato," mama akasema. "Keti hapa kando yangu uitikie."

Wifi akaketi. Mama akatafuta mstari kwa kidole kilicholowa, akaupata ulipokuwa, akasoma.